Nyumba ya Mbao Juu ya Tata

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee upya, maana ile ya Jumapili nilikukatia simu kabla hujaiitikia vizuri, na mtoto anayemkatia mama yake simu hajamsalimia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa hospitali ya Rubya bado unayo au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Nasikia mvua imekuja na upepo na migomba ya upande wa bondeni imelala. Poleni sana, waitu. Mimi huku mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, usingizi ndio wa kubahatisha. Baridi imeanza kushuka kutoka milimani, asubuhi tunakuta maji ya ndoo yameganda, tunayapasua kwa nyundo ndipo tunanawa.

Najua utashangaa, barua ya nini wakati simu zipo. Mama, simu nimeshindwa. Nikikuona usoni maneno yananikauka. Kuna padri wa kwetu aliyekuwa masomoni huku anarudi wiki hii, nimempa bahasha akuletee mkononi. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Na usisomee sebuleni, bojo. Kaa nje.

Nianze na Jumapili, nikuambie upande wangu. Nilikupigia baada ya misa kama siku zote. Nikakuona umekaa chini sakafuni, viti vyote vitupu nyuma yako, na glasi ya pombe ya lubisi mkononi. Nikasema moyoni, mama yangu anafurahia nyumba yake. Mara nikakuona unainamisha glasi, unamimina lubisi kwenye mwanya wa mbao, taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Nami nikapayuka! Nikasema Mama, unaharibu sakafu, mbao ikilowa inaita mchwa, hivi unajua kazi iliyotumika hapo? Hukukasirika hata kidogo. Ulinitazama ukasema, "Namnywesha baba yako, Gosbert. Huku chini ni pakavu sana."

Nikauliza, "Huku chini wapi?"

Ukasema, "Si hapa ulipomjengea."

Nilikuuliza mara tatu na mara tatu ulinijibu vilevile, kwa upole, ukidhani mtandao ni mbaya. Ndipo nikakata simu. Nilikaa kitandani na viatu vyangu mpaka giza likaingia, siwezi hata kuwasha taa. Mama, sikujua. Ninaandika neno hilo kwanza kabla ya mengine yote. Sikujua kwamba Tata amelala pale.

Sasa nikueleze nilivyofika kwenye upumbavu huu. Nilipokuja huku miaka saba iliyopita, mimi fundi seremala wa kufundishwa na mabruda, jambo la kwanza kunishangaza halikuwa theluji. Lilikuwa nyumba. Huku milimani wana nyumba wanazoziita shale. Chini mawe, juu mbao tupu, paa pana linalotoka nje kama ukingo wa kofia ili ukuta usilowe. Hawapaki rangi. Wanaipaka mbao mafuta, wanaiacha izeeke yenyewe mpaka iwe ya kijivu. Siku hizi wanazijenga kisasa, upande mmoja wote kioo, boriti zinaachwa wazi uzione, sebule moja kubwa isiyo na kuta za katikati. Nikasema, lo, hawa ni ndugu zetu! Msonge wa babu haukuwa na kitu cha dukani hata kimoja, miti na nyasi na kamba za migomba, na mtu ukiingia ulisikia harufu ya shamba. Sisi tumeacha hayo tunashindana kwa matofali ya saruji na mabati ya rangi.

Basi nikaapa kumjengea mama yangu shale pale kwetu Muleba, kwa vitu vya kwetu. Mbao za mti wa muhumula, mawe ya genge letu, dari ya mikeka ya mafunjo, na kioo kikubwa cha kutazama ziwa siku mvua imeosha anga. Nilichora miezi minne. Wenzangu walinitania kwamba nachora kanisa. Na kusema kweli, Mama, nilikuwa najisikia. Wanatuita nshomile, wasomi wa kujigamba, na mimi nilitaka kuwa nshomile wa mbao. Niliwaza watu watakavyosimama barabarani waulize ya nani hii.

Kiwanja nikakichagua kutoka kichwani. Hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba ya zamani, ukimaliza mibuni, pale penye uwazi ambapo Tata alianika kahawa. Nilipakumbuka palivyokuwa: tambarare, pasafi, jua la asubuhi linapiga mpaka saa tano. Sikujua kwamba na ninyi, mlipokuwa mnatafuta mahali pa kumlaza, mlipaona hapo hapo kwa sababu hizo hizo.

Utaniuliza nilikuwaje sijui kaburi la baba yangu liko wapi. Hata mimi najiuliza. Siku ya mazishi dada Domitila alinishikia simu. Nililiona jeneza likitoka mlangoni, baba mdogo Respicius ameshika mbele. Mtandao ukakatika. Uliporudi, niliona migongo ya watu na majani ya migomba, halafu naona sahani, watu wanakula. Nilimuuliza baba mdogo, mmemlaza wapi? Akasema, "Mahali pake." Nikasema asante. Mahali pake kwangu ilikuwa kando ya babu, kule mpakani. Na tangu hapo niliona aibu kurudia swali. Mtoto wa kwanza wa kiume, mrithi, anaulizaje mahali baba yake alipozikwa? Tulipokuwa shule tuliimba kila asubuhi kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nilinyamaza miaka miwili.

Kumbe na ninyi mlikuwa na aibu yenu. Ukoo uliamua kaburi lisijengewe mpaka mrithi afike atupe udongo wake kwa mkono wake. Mkaweka tuta tu, mkapanda miti ya omulamula pembe nne, mkanisubiri. Sikuja. Mvua mbili kubwa zikapita, tuta likashuka, nyasi zikaota. Ungeniambia nini? Kwamba kaburi la baba yako limekuwa sawa na ardhi kwa sababu yako? Ulininyamazia kunihurumia, nimelielewa hilo.

Halafu lipo hili, na ndilo linalonitafuna. Fundi Evodi wa Kagondo alipofika na vijana wake kupima, alinipigia. Akasema, "Bosi, kuna miti minne ya omulamula hapa, imesimama pembe nne, imekaa karibu karibu. Na mama amesema hapo katikati tusichimbe." Nikacheka. Nikasema mama yangu huyo, atakuwa amefukia chupa ya maji ya baraka, au ametuwekea alama za kiwanja. Nikamwambia, sakafu yangu imeinuliwa juu ya nguzo za mawe, futi tatu, kwa ajili ya mchwa, katikati hapachimbwi kitu. Weka sebule hapo.

Mama, mwana wa Kihaya gani asiyejua omulamula? Unapandwa mpakani, na unapandwa kaburini. Nimekua nikiuona kwa babu. Nilivijua vyote viwili, nikachagua kile kilichokuwa kinanifaa. Evodi ni mtu wa mjini, kwao makaburi wanayafunika kwa vigae vya kung'aa, yeye msimlaumu. Aliuliza. Mimi ndiye niliyejibu.

Jumatatu nilipokupigia tena ukanieleza ulivyofikiri wewe, niliuma shuka nisilie kwa sauti. Ulisema ulipousoma mchoro, ukapima hatua ishirini kwa miguu yako, ukasimama pale ukashangaa. Halafu ukajiambia kwamba mwanangu ameamua kumlaza baba yake ndani ya nyumba, kama watawala wa zamani walivyolazwa ndani ya nyumba zao. Ulisema, "Niliona ni makuu, lakini wewe ndiye mrithi, na mrithi akisema amesema." Ukamtetea hata baba mdogo alipokuja na fimbo akitaka kuwafukuza mafundi. Ukamwambia, Gosbert anajua anachofanya.

Gosbert hakujua chochote, Mama. Gosbert alikuwa anachagua upana wa kioo.

Sasa mambo mengi yananirudia na kila moja lina jino. Nilipokuwa naomba picha za nyumba, mbona hamkuwa na wageni ndani? Jirani anasimama chini ya ngazi, shangazi anakabidhi maziwa kwa kunyoosha mkono, hakuna anayevua viatu aingie. Nikasema wivu. Domitila aliacha kuja kutoka Ijuganyondo mwisho wa juma, na simu zangu hapokei, nikasema hata dada yangu ana wivu. Baba mdogo aliniambia mara moja tu, "Kaka yangu umemfunika vizuri," nikamjibu asante baba, nikidhani ananisifia paa. Sijui alinionaje siku hiyo.

Na ile picha ya mwezi wa senene, unaikumbuka? Jani limechomoza kati ya mbao, karibu na kioo, refu, jeupe kama kitu kilichokaa ndani ya chungu. Nikakuandikia, Mama, kata hilo gugu litainua sakafu. Ukajibu sawa. Jumatatu ndipo umeniambia kwamba ni omulamula. Mitatu imekufa kwa giza, huo mmoja umetafuta mwanga miezi yote hiyo ukapita kwenye mwanya. Ulisema sawa na hukuukata. Asante kwa kutonitii.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nakuambia wewe kwa sababu hutacheka. Kabla ya haya yote, tangu masika yenu, nimekuwa nikimsikia. Ilianza mchana kweupe. Tulikuwa tunamalizia nyumba ya watu fulani juu kabisa ya bonde, mimi nimepiga magoti napiga randa ubao wa sakafu, wenzangu wako nje wanakula. Nikasikia mtu anakohoa chini yangu. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile cha Tata, kimoja kifupi, halafu kingine, kile alichokohoa akikukuta umekaa kwenye kiti chake, akisubiri uinuke mwenyewe. Nami nikainuka! Nikasimama na randa yangu mkononi katikati ya chumba kitupu, nikaita, "Tata?" Mwenzangu mmoja akachungulia mlangoni akauliza naongea na nani.

Fundi mkuu wetu ni mzee mwema. Nilimwambia nasikia sauti chini ya sakafu, akasema ni mbao, ikipoa hujinyoosha, miaka kumi ya kwanza nyumba ya mbao haikai kimya. Nilimwamini. Najua mbao inavyolia, ndiyo kazi yangu. Lakini mbao haisubiri uinuke, Mama. Nimemsikia kwenye nyumba tatu tofauti, na kila mara pale nilipopiga magoti. Nilishuka chini ya mojawapo na tochi. Kulikuwa na udongo mkavu tu, na vumbi la mbao yangu mwenyewe.

Ndipo Jumatatu ukaniambia, bila mimi kukuuliza, kwamba mvua ikipiga paa unamsikia anakohoa. Ukasema, "Anaisikia mvua lakini haimfikii." Tangu hapo sijaweza kupiga magoti kwenye sakafu yoyote. Nimemwomba fundi mkuu anihamishie kwenye kenchi za paa, nifanye kazi ya juu.

Umeniambia nisihangaike. Umesema umeshazoea, unakaa naye jioni, mnaongea, na kwamba tangu azikwe hujawahi kuwa karibu naye hivyo. Nakusikia. Lakini pia umeniambia kwamba usiku unakwenda kulala nyumba ya zamani kwa kuwa huwezi kumkanyaga. Unavuka mibuni na goti hilo kwenda na kurudi, kila siku, kwa sababu ya nyumba niliyosema itakupumzisha. Mimi nimemwekea baba yangu miguu ya watu kifuani na kumnyima mvua. Nawe umebaki na nyumba mbili na hakuna hata moja unayotulia. Hapana. Hilo silikubali.

Nyumba ya mbao ina heri moja ambayo ya saruji haina: inafunguka. Mwaka jana tuliihamisha shale ya zamani kutoka kilimani hadi bondeni. Tuliandika namba kila boriti, tukafungua paa kwanza, kisha kuta, sakafu mwisho, na baada ya wiki sita ilikuwa imesimama mahali pengine kama vile imezaliwa hapo. Kazi hiyo naijua. Nitaifungua nyumba yako kwa mikono yangu, ubao kwa ubao, mpaka jua lipige pale lilipokuwa linapiga. Zile nguzo za mawe nitazing'oa kwa mtaimbo. Kama ukoo utaona nyumba isimamishwe mahali pengine, nitaisimamisha. Kama wataona mbao ziwe kuni za matanga ya kweli ambayo sikuwapo, ziwe kuni. Sitasema neno.

Kwa hiyo ninakuja. Nimekwisha kumwambia fundi mkuu. Alinikumbusha kwamba kibali changu cha kuishi moja kwa moja bado miezi saba, na nikitoka sasa faili linafungwa, nitakuwa nimeanza sifuri, pengine sitarudi kabisa. Nikamwambia najua. Akanipa mkono, akaniuliza kama nahitaji kuazima misumeno. Mtu mzuri sana yule.

Nawaomba jambo moja tu. Asiguse mtu ubao hata mmoja kabla sijafika. Mwambie baba mdogo asimwite Evodi, asilete vijana, hata kama anataka kunisaidia. Nilikosa kumtupia Tata udongo, basi huu mzigo ulio juu yake niutoe mimi. Jani lile mlimwagilie kidogo. Na wewe jioni ukikaa naye, kabla hujamwambia habari za migomba na za jirani, mwambie kwamba mwanao hakujua. Mwambie kwanza. Naogopa amekuwa akifikiri nilijua.

Nisalimie baba mdogo Respicius, mwambie fimbo aliyowaletea mafundi anitunzie mimi, nitageuza mgongo mwenyewe. Dada Domitila wa Ijuganyondo mpe salamu zangu hata kama hazitaki, na umwambie alikuwa na haki ya kunikasirikia, ila angenitukana kwenye simu tungeokoka wote. Shangazi wa maziwa, nitamkaribisha ndani siku patakapokuwa na ndani pa kukaribishwa. Jirani yetu mwenye kutega senene kila msimu namwombea heri. Mwombeni paroko aniwekee siku, misa ya kaburi, asubuhi, nikishamaliza kufungua.

Najua utakaposoma hapa utatafuta simu unipigie uniambie nisije, nimalizie kwanza karatasi zangu, Tata hana haraka. Ndivyo ulivyoniambia alipokata roho. Usinikataze tena, Mama. Mara ile nilikutii.

Mwanao,
Gosbert